Jirani Akikamatwa, Hesabu Saa

Somo la kusoma pamoja katika jumuiya ndogo, vikundi vya akina mama, vijana na mwethya

Ndugu msomaji, hebu tuanze na jambo ambalo karibu kila mtu hapa Kithyoko amewahi kuliona kwa macho yake. Ni siku ya soko. Malori ya Garissa yanapita, pojo na mbaazi zimewekwa juu ya magunia, mbuzi wanalia. Mwendo wa saa kumi jioni habari inazunguka kwamba kijana fulani wa bodaboda amechukuliwa. Nani amemchukua? Hakuna anayejua vizuri. Wengine wanasema ni polisi, wengine wanasema ni watu waliovaa nguo za kawaida. Amepelekwa wapi? Huyu anasema Masinga, yule anasema Matuu. Mama yake ameshika kichwa.

Sasa sisi wengine tunafanya nini? Mara nyingi tunarudi kwenye mizani na magunia yetu. Tunasema, "Kama hana makosa ataachiliwa tu." Au tunasema kwa sauti ya chini, "Huyo naye alikuwa amezidi." Usiku mtu anafika nyumbani kwa yule mama na kumwambia kwamba zinatakikana shilingi elfu kadhaa ndipo kijana atoke. Mama anauza mbuzi wawili kwa bei ya hasara. Anatoa pesa mkononi, hapewi risiti. Kijana anatoka, lakini hakuna anayejua alishtakiwa kwa kosa gani, au kama kweli alishtakiwa.

Hadithi hii hatukuipa jina la mtu kwa sababu si ya mtu mmoja. Na jambo la kuhuzunisha ni hili: katika hadithi yote, hakuna hata jirani mmoja aliyeangalia saa. Somo letu ni kuhusu saa hiyo.

LENGO LA SOMO

Mkimaliza somo hili, kila mmoja aweze:
(a) kutaja haki kuu za mtu aliyekamatwa;
(b) kuhesabu saa 24 za Katiba bila kukosea;
(c) kueleza yale ambayo jirani anaweza kufanya kabla saa hizo hazijaisha.

1. TULIKOTOKA

Wako watu wanaofikiri kwamba mambo ya haki za binadamu ni ya watu wa Nairobi, au yaliletwa na wageni. Sivyo. Sisi watu wa Machakos tuliyajua kwa uchungu zamani sana.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu, ikisema kwamba mifugo imezidi na udongo unaharibika. Mwezi wa Julai mwaka huo, maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walitoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Hawakwenda na silaha, walikwenda na malalamiko. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa mbali sana, Lamu, akawekwa huko. Hakusimamishwa mbele ya hakimu ili aambiwe kosa lake na ajitetee. Kabla mwaka huo haujaisha, serikali ililegeza kamba katika jambo la ng'ombe. Lakini Muindi Mbingu alibaki Lamu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Katiba ilikuwa na sura nzima ya haki za mtu. Ilisema mtu asikamatwe ovyo na asikae rumande bila kufikishwa kortini. Lakini mwaka 1966 serikali ilijipa tena uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka 1988 Katiba ilibadilishwa ili mtu anayeshukiwa kwa kosa la kunyongwa aweze kukaa mikononi mwa polisi siku 14 kabla ya kuona hakimu. Katika miaka hiyo watu waliingizwa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House, Nairobi, wakateswa humo kwa majuma huku jamaa zao hawajui walipo. Waliotoka hai walikuja kueleza hayo mbele ya Mahakama Kuu, na kuanzia mwaka 2010 mahakama iliamuru serikali iwalipe fidia wengi wao.

Tunakumbuka mambo haya kwa sababu moja. Angalia vizuri: Lamu, kizuizini, Nyayo House, yote yanafanana kwa jambo hili, kwamba mtu alichukuliwa na hakimu hakumwona, na watu wa kwao hawakujua alipo. Mateso hukua pale ambapo hakuna jicho linaloangalia.

2. KATIBA YA SASA INASEMA NINI

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga kura ya maoni wakakubali Katiba mpya, nayo ikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huo huo. Sura ya Nne ndiyo Sheria ya Haki. Ndani yake kuna Kifungu cha 19, nacho kina neno ambalo inafaa kila mtu alishike: haki hizi ni za kila mtu, na hazikutolewa na serikali. Maana yake ni kwamba OCS hakukupa haki, basi hawezi kukunyang'anya. Chifu hakukupa. Mbunge hakukupa. Unazaliwa nazo, na kazi ya serikali ni kuzilinda.

Kifungu cha 49 ndicho kinachozungumza juu ya mtu aliyekamatwa. Kwa lugha rahisi kinasema hivi:

• Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa. Kama ni mama mzee anayejua Kikamba peke yake, aelezwe kwa Kikamba. Kumsomea Kiingereza na kumwambia "weka kidole hapa" si kumweleza.
• Anaweza kunyamaza. Aambiwe pia kwamba akisema, maneno yake yanaweza kuletwa kortini.
• Anaweza kuwasiliana na wakili, na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Mtu huyo mwingine ndiye wewe jirani.
• Asilazimishwe kukiri. Sheria ya Ushahidi inaongeza kwamba kukiri kosa hakufai kortini mpaka kuwe kumefanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta au zaidi ambaye si yeye anayepeleleza kesi, na mbele ya mtu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua. Makofi ya usiku si ushahidi.
• Asichanganywe na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa.
• Afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24.
• Apewe dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima.

Tena Katiba inasema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Na mtoto asifungiwe isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana. Hata hapo iwe kwa muda mfupi, mbali na watu wazima. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa mhalifu hata kidogo.

Je, haki hizi hazina mipaka? Nyingi zina mipaka, na Katiba yenyewe inaeleza mipaka hiyo iwekwe namna gani. Lakini Kifungu cha 25 kinataja mambo manne ambayo hayawezi kupunguzwa na sheria yoyote: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asinyimwe kesi ya haki, na asinyimwe amri ya mahakama ya kusema "mleteni huyu mtu hapa tumwone". Tutarudi kwenye amri hiyo.

3. TUHESABU SAA PAMOJA

Hapa watu wengi hukosea, basi tuende polepole.

Saa 24 zinaanza pale mtu anapokamatwa. Hazianzi anapofikishwa kituoni, wala anapoandikwa, wala mpelelezi anaporudi kutoka likizo.

Mfano wa kwanza. Mtu amekamatwa Jumanne saa nne asubuhi. Saa 24 zinaisha Jumatano saa nne asubuhi. Jumatano ni siku ya korti na saa nne ni saa ya korti. Basi awe amefikishwa.

Mfano wa pili. Mtu amekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni. Jumamosi si siku ya korti. Katiba inasema hapo afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata, yaani Jumatatu. Kama Jumatatu ni sikukuu ya taifa, itakuwa Jumanne.

Sasa umeelewa kwa nini watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni! Si kila mara ni njama, lakini ukikamatwa Ijumaa unaweza kulala seli siku tatu na sheria haijavunjwa. Ndiyo maana siku ya Ijumaa dhamana ya polisi ina maana kubwa kuliko siku nyingine.

Jambo lingine: saa 24 ni mwisho, si kiwango cha kawaida. Katiba inasema "haraka iwezekanavyo". Kama korti iko wazi na gari lipo, hakuna sababu ya kungoja saa ya mwisho.

Je, polisi wakihitaji muda zaidi wa kupeleleza? Wanaweza kuuomba. Lakini wanauomba mbele ya hakimu, na mshukiwa akiwa amesimama pale anaonekana. Anayeamua ni hakimu.

4. KARATASI ILIYORUSHWA DIRISHANI

Mtu anaweza kusema, "Haya ni maneno mazuri ya vitabuni. Huku kwetu nani anayafuata?" Swali hilo ni la haki, nasi hatulikimbii. Tutazame jambo lililotokea katika kaunti yetu wenyewe.

Josephat Mwenda alikuwa mwendeshaji wa bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi na askari, akaenda kushtaki kwa IPOA, yaani halmashauri inayochunguza makosa ya polisi. Baadaye yeye mwenyewe akajikuta ameshtakiwa. Wakili Willie Kimani alikubali kumtetea. Tarehe 23 Juni 2016 walikuwa katika mahakama ya Mavoko kwa ajili ya kesi hiyo. Walipotoka, pamoja na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa njiani wakafungiwa katika kambi ya polisi ya utawala kule Syokimau. Hawakuandikwa katika kitabu kama watuhumiwa. Kwa kitabu ni kama hawakuwahi kufika pale.

Wakili yule alipata kipande cha karatasi ya choo, akaandika akiomba mkewe apigiwe simu, akakirusha nje ya dirisha. Mpita njia akakiokota. Baada ya siku kadhaa miili ya watu wote watatu ilipatikana mtoni, upande wa Ol Donyo Sabuk. Si mbali na barabara tunayopita sisi kwenda Thika.

Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia polisi watatu na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wao. Tarehe 3 Februari 2023 mmoja wa polisi hao alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Tunajifunza nini? Willie Kimani alikuwa wakili. Alizijua haki zote tulizozitaja, na zaidi. Lakini mtu akishafungiwa ndani, kujua peke yake hakumtoi. Kitu alichohitaji ni mtu wa nje. Hata katika dakika zile za mwisho hakuandika vifungu vya sheria, aliandika apigiwe simu mtu wake.

Kwa hiyo haki ya aliyekamatwa ina mikono miwili. Mkono mmoja uko ndani ya seli, nao umefungwa pingu. Mkono wa pili uko nje, nao ni wetu.

5. JIRANI AFANYE NINI?

Sisi Wakamba tunajua mwethya. Mtu mmoja hawezi kuchimba benchi za shamba zima peke yake, lakini watu ishirini wanamaliza asubuhi moja. Jambo hili pia ni la mwethya. Gawaneni kazi hivi:

Kwanza, andika. Mara tu mtu anapokamatwa, andika saa, mahali, na waliomkamata. Kama ni gari, andika nambari yake. Kama hawana sare, uliza kwa heshima wao ni nani na wanatoka kituo gani. Usipigane, usivute shati la askari. Na wewe unayekamatwa usikimbie.

Pili, fuateni. Watu wawili au watatu waende kituoni mara moja, siku hiyo hiyo. Mmoja awe wa jamaa. Mwingine awe mtu anayeheshimika, kama mzee wa kijiji au mwenyekiti wa kikundi. Kama hayupo kituo cha kwanza, nendeni cha pili. Msingoje kesho.

Tatu, ulizeni mambo matatu: Yuko hapa? Kwa kosa gani? Nambari yake katika OB ni ipi? OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio kilicho mezani kituoni. Mtu aliyeandikwa katika OB ni vigumu kupotea. Nambari hiyo haiuzwi.

Nne, ombeni kumwona. Muulizeni kama ameumia, kama ni mgonjwa, kama anatumia dawa. Kama amepigwa, semeni hapo hapo apelekwe hospitali, tena muombe fomu ya P3, ambayo hutumiwa kuonyesha majeraha kortini.

Tano, ombeni dhamana. Dhamana ya polisi ni bure. Kama mkubwa wa kituo anataka pesa taslimu ziwekwe, hizo ni amana, zinarudishwa mtu akitii masharti. Amana ina risiti ya serikali. Pesa isiyo na risiti si dhamana, ni kitu kidogo, na kutoa ni kosa kama vile kupokea.

Sita, nendeni kortini. Siku ya kufikishwa muwe mmekaa kwenye benchi, iwe ni Kithimani au Machakos. Hakimu akiuliza kama kuna jamaa, msimame. Mshukiwa asiyeelewa lugha ya korti ana haki ya mkalimani bila malipo.

IGIZO FUPI
(Watu watatu waigize mbele ya kikundi.)

Mama: Hodi, afande. Habari za jioni?

Askari: Njema, mama. Nikusaidie nini?

Mama: Nimekuja kumuulizia kijana wangu. Nimesikia ameletwa hapa saa kumi.

Askari: Wewe rudi nyumbani, uje Jumatatu.

Mwenyekiti: Afande, tunaheshimu kazi yenu. Tunaomba kujua mambo matatu tu. Yuko hapa? Kosa lake ni gani? Na nambari ya OB ni ngapi tuandike?

Askari: Kwani wewe ni wakili?

Mwenyekiti: Hapana, afande. Mimi ni jirani. Lakini Katiba inamruhusu kuwasiliana na mtu wa kumsaidia, nasi ndio hao.

Askari (anafungua kitabu): Haya... ndiyo, yuko. Ni fujo sokoni. Andikeni nambari.

Mama: Asante, mwanangu. Na dhamana je?

Askari: Hiyo ni ya OCS, na ametoka.

Mwenyekiti: Basi tutamngoja hapa kwenye benchi. Hatuna haraka.

(Baada ya igizo, muulizane: Nani alipaza sauti? Hakuna. Ni nini kilichobadilisha nia ya askari?)

Wako wanaoona kwamba kuuliza maswali ni utovu wa adabu kwa wakubwa. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanamkumbuka Paulo pale Yerusalemu. Alikuwa amekwisha kufungwa kamba ili apigwe mijeledi, akamuuliza yule akida kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Kirumi ambaye hajahukumiwa. Hakutukana wala hakurusha ngumi. Aliuliza swali moja la sheria, na mijeledi ikawekwa chini.

6. NA MWIZI WA MBUZI JE?

Sasa tumefika mahali pagumu. Kumtetea mtoto wako ni rahisi. Lakini mtu aliyeingia kwako usiku akachukua mbuzi watano wa karo ya shule, naye ana haki hizi?

Jibu ni ndiyo. Anazo zote.

Tunajua neno hili linachoma. Huko nyuma kumewahi kusikika kelele za "mwizi!" sokoni, mawe yakaanza kuokotwa, mtu akaenda kutafuta tairi. Kwa dakika ishirini umati unakuwa polisi, shahidi, hakimu na mnyongaji. Halafu kila mtu anarudi kwake, na usiku hakuna anayetaka kusema alikuwepo. Ndugu zangu, mtu anayechomwa bila kesi na mtu anayepotezwa na polisi bila kesi wamefanyiwa jambo moja. Wote wawili wamenyimwa hakimu. Huwezi kulaani la pili na kushangilia la kwanza. Na mara ngapi umati umemshika asiye mwizi, mtu aliyekuwa anapita tu?

Sheria haikuacha raia mikono mitupu. Inakuruhusu kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele yako, lakini umkabidhi kwa polisi bila kukawia. Ukimuua, ni mauaji, hata kama mlikuwa mia moja.

Watu wengi huchukua mawe kwa sababu ya hasira hii: "Tulimpeleka kwa polisi jana, leo yuko sokoni anatucheka." Hapa kuna kutoelewana. Dhamana si msamaha. Mtu aliye nje kwa dhamana bado ana kesi, na siku yake ya korti imeandikwa. Yule aliyeibiwa naye ana kazi ya kufanya: aandikishe taarifa, achukue nambari ya OB, aulize nambari ya kesi, na afike kutoa ushahidi. Kesi nyingi za mbuzi hufa kwa sababu mwenye mbuzi alichoka kwenda kortini. Na kama anatishwa na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, amwambie hakimu, kwa maana kutisha mashahidi ni sababu nzuri ya kuiondoa dhamana hiyo.

7. SAA ZIKIPITA, TUFANYE NINI?

Tuseme mmefanya yote, na saa zimepita. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza: mwambieni hakimu siku mtu anapofikishwa. Mshukiwa aseme, "Mheshimiwa, nilikamatwa siku fulani saa fulani." Yale mliyoandika siku ya kwanza sasa yana kazi. Lakini msidanganyike kwamba kesi itakufa. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu aliyekaa mikononi mwa polisi karibu miezi minane kabla ya kuona hakimu, na watu wakafikiri ndivyo itakavyokuwa siku zote. Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo ikasema dawa ya kucheleweshwa ni kulipwa fidia, na kesi inaendelea.

Njia ya pili: pelekeni malalamiko kwa IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Njia ya tatu: Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwamba haki imevunjwa, hata kwa niaba ya mwingine asiyeweza kufika. Kufungua shauri hilo hakulipishwi, na ikilazimu mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Kama mtu haonekani kabisa, Mahakama Kuu inaweza kutoa ile amri tuliyoitaja, ya kuwaambia wanaomshikilia wamlete mbele ya jaji. Mwishoni mwa mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 amri ya namna hiyo iliombwa kwa ajili ya watu waliokuwa wametekwa nyara, wakiwemo vijana wa Mlolongo katika kaunti yetu hii. Si wote waliorudi hai. Kwa hiyo hatusemi kwamba amri ya korti ni dawa ya kila kitu. Tunasema kwamba bila mtu wa nje wa kuiomba, haitolewi kabisa.

Kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda ofisi ya taifa ya kazi hiyo. Ulizeni pale mahakamani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtu amekamatwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Awe mbele ya hakimu kufikia lini? Na akikamatwa Jumamosi je?
2. Katika kijiji chenu, mtu akikamatwa usiku huu, ni watu gani watatu watakaomfuata kituoni? Watajeni kwa majina, na muulize kama wako tayari.
3. Kwa nini watu hutoa pesa bila kuomba risiti? Ni woga, ni haraka, au ni mazoea?
4. Umati umemzunguka mtu sokoni na mawe yameokotwa. Wewe peke yako utafanya nini kwanza?
5. Je, kuna mtu hapa kwetu aliyekaa rumande muda mrefu na hakuna aliyekwenda kumtazama? Tufanye nini juma hili?

KAZI YA KUFANYA

Kila kikundi kinunue daftari moja na kalamu, viwekwe kwa mtu anayejulikana. Ukurasa wa kwanza uandikwe: jina, saa ya kukamatwa, mahali, kituo, nambari ya OB, kosa, siku ya korti. Acheni nafasi. Tunaomba kurasa hizo zikae tupu. Lakini siku itakapofika, mtu mmoja aangalie saa, aandike, na wengine waanze safari ya kituoni.